Mkoba wa kujifungulia kwa mtu wa visiwani: mimi nilitumia ndoo

BintLangoni (mwenye uzi)

Assalam alaikum dada zangu, na nyinyi kaka mnaosoma humu kimya kimya.

Kila orodha ya vitu vya kujifungulia ninayoikuta imeandikwa na mtu ambaye kwake gari husimama mlangoni. Weka hiki, weka kile, kisha wanamalizia: mkoba ukae kwenye buti. Buti gani, mwenzangu? Sisi wa Lamu tuna jeti (gati la boti), tuna punda, tuna boti ambayo nahodha wake kwanza aamshwe. Nataka tupange orodha yetu wenyewe. Naanza na aibu yangu.

Mimba ya kwanza nilikuwa nakaa Mokowe, ng'ambo ya bara, kwa wakwe. Dada yangu wa Mombasa akaniletea sanduku la magurudumu, la zambarau, na kufuli lake. Nikalipanga wiki ya 34 kama bi harusi apangaye vyombo. Nguo za mtoto zimepigwa pasi, juu yake leso (kanga), juu yake madera yangu. Kitabu cha kliniki nikakizika chini kabisa, kwa kuwa ndicho cha thamani, kisije kikapotea.

Uchungu ukanishika saa nane usiku. Boti tulipata, alhamdulillahi. Lakini maji yalikuwa yamekupwa, ngazi za jeti ziko nje zote zina utelezi, na lile sanduku shemeji alilishusha kwa kamba kama mbuzi. Likasimamishwa kwenye ngama. Kwa watu wa bara: ngama ni yale maji yanayojikusanya chini ya chombo, ya chumvi, na kwenye boti ya mashini yana petroli ndani yake. Tulipofika Amu (mji wa Lamu) sanduku lilikuwa limekunywa maji ya safari nzima.

Leba, nesi anataka kitabu. Wifi yangu akaniuliza kiko wapi. Nikamwambia chini. Akainama chini ya kitanda. Si chini ya kitanda, wifi, chini ya sanduku! Akalimwaga lote kwenye benchi, sidiria zangu zikapangika mbele ya shemeji aliyekuwa mlangoni, na mwanamke wa kitanda cha pili, na uchungu wake, akacheka. Kitabu kilipatikana kimelowa, ukurasa wa kundi la damu umefanya wingu la wino.

Mtoto alipotoka hakukuwa na nguo hata moja isiyonuka petroli. Alifungwa leso ya wifi, aliivua begani pale pale. Nesi akaisoma jina, yale maneno yake, kwa sauti huku akimpangusa mtoto: "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi." Mpaka leo wifi ananidai leso yake.

Mimba ya pili nikasema sanduku basi. Nikachukua ndoo ya rangi ya lita 20, ile yenye kifuniko cha kubana, nikaisugua kwa sabuni na kuianika juani siku tatu. Haiingii maji. Ikianguka baharini inaelea. Kwenye boti mtu anaikalia. Punda anaibeba, mkokoteni unaibeba, hata mtoto wa jirani anaibeba. Na ukifika wodini, ukishatoa vitu, una ndoo ya kufulia. Msiniambie juala la plastiki, mwajua yamepigwa marufuku tangu 2017, na yale ya kitambaa tuliyopewa badala yake hayazuii hata umande.

Ndani nilifunga mafurushi matatu kwa leso za rangi tofauti. Jekundu la leba: leso nne kuukuu (kuukuu, mpya hazinyonyi maji), pamba, pedi mbili za kuanzia, chupi pana, champali (ndara). Buluu la mtoto: kofia, soksi, fulana mbili, nepi chache, blanketi jepesi, taulo laini. La kijani la wodini: dera la vifungo mbele, pedi zilizobaki, sabuni, mswaki, mtandio. Karatasi zote kwenye kikopo cha chakula chenye kifuniko, JUU ya kila kitu.

Rangi zina kazi yake. Mwenye kufungua huo mkoba si wewe. Wewe wakati huo umeshika chuma cha kitanda unamwita Mola wako. Atakayefungua ni mama, wifi, au mume ambaye hajui pedi iko upande gani. Ukimwambia "nipe jekundu" anakupa jekundu.

Haya, ongezeni.

UmmuSwabra

Nimecheka mpaka mtoto kaamka. Mume wangu nimemsomea hii ya ndoo, anasema yeye hapiti sokoni na ndoo ya rangi mkewe yuko nyuma anaugua, watu watadhani anaenda kupaka nyumba. Nimemwambia ndiyo sitara yenyewe hiyo, nani atajua?

BiShee

Wanangu, mimi mtu mzima, mtaniwia radhi. Zamani hatukuwa na mambo ya kupanga nguo za mtoto asiyezaliwa. Ni uchuro. Mtoto hununuliwa akishalia. Mwenye mimba alikuwa na leso zake, na mkaja wa kufungia tumbo akishazaa, na mkunga anajua nyumba. Haya ya kuanika visoksi kwenye kamba mwezi wa saba, macho ya watu mnayajua nyinyi?

BintLangoni

Shikamoo Bi Shee. Macho ya watu tunayajua, ndiyo maana ndoo ina kifuniko.

UmmuSwabra

Bi Shee, kwetu mama naye ana imani hiyo hiyo, tukapata njia ya kati. Hatukununua. Tuliazima. Nguo za mwanzo za mwanangu zilikuwa za binamu yake, zimeshafuliwa mara mia, laini kama pamba. Mama karidhika kwa kuwa hakuna kilichonunuliwa, mimi nimeridhika kwa kuwa sikumtuma mtu madukani Langoni kutafuta kofia saa tisa usiku.

BiShee

Kuazima haina neno. Hilo nakubali.

Babake_Wawili

Kaka mnaosoma kimya kimya ni sisi, basi leo nasema.

Ndoo ni ya mke. Mume ana mfuko wake na hakuna anayeuandika. Mimi mara ya kwanza nilifika mikono mitupu. Nikaulizwa kitambulisho cha mke, na kama ameandikishwa SHA, bima ya afya ya serikali. Mimi nina kadi ya NHIF, bima ya zamani, kwenye pochi naitoa kwa majivuno. NHIF ilishaondoka Oktoba 2024, ndugu yangu. Linda Mama, ule mpango wa kuzaa bure, nayo ikaondoka nayo, sasa yote inapitia SHA. Kujiandikisha ni kwa simu, *147#, au kliniki wanakusaidia, na hulipii kujiandikisha. Ila fanya tumbo likiwa la miezi mitano, usifanye pale dirishani huku mke anapiga kelele na mtandao umekatika. Na kujiandikisha tu si kwisha, michango nayo iwe imelipwa. Ulizeni mapema.

Vyangu mimi: vitambulisho vyetu viwili na nakala zake, noti ndogo ndogo (nahodha hana chenji, mwenye mkokoteni hana chenji, hakuna mwenye chenji usiku), chaja, tochi, na mkate. Mkate ni wangu. Hakuna anayekumbuka kwamba baba naye hula.

Jambo lingine. Mkitoka hospitali mnapewa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa, ndiyo ya kutolea cheti. ISOMENI kabla ya kutoka mlangoni. Mimi niliulizwa jina nikalitamka kwa furaha, mwandishi kaandika alivyosikia, nami nikatia sahihi bila kutazama. Binti yangu ni Ruqayya nyumbani na ni mtu mwingine kabisa serikalini. Sasa hivi jina tumeliandika kwenye karatasi, limo kwenye kikopo. Na cheti msichelewe kukifuata, ikipita miezi 6 inakuwa usajili wa kuchelewa na safari zake.

NesiWaZamu

Mimi ni nesi, hapa hapa pwani, sisemi wapi.

Ndoo naipenda. Mafurushi ya rangi nayapenda zaidi, nitaanza kuwafundisha kina mama kliniki. Lakini nina ya kwangu machache.

Kitabu cha kliniki kwanza, na hapo BintLangoni amesema kweli. Tunataka kundi lako la damu, kiwango cha damu, vipimo vyako vyote, na kama ulishapasuliwa. Aliye na kundi la negativu na mume ni pozitivu huenda akahitaji sindano ndani ya saa 72 baada ya kuzaa kama mtoto naye ni pozitivu, na kwetu visiwani sindano hiyo wakati mwingine inafuatwa mbali. Hilo ulijue mapema, tusije kulijua leba. Na uwe na watu wawili wazima wenye simu zilizowashwa, walio tayari kutoa damu. Hao nao wahesabu ni vitu vya mkoba. Kutokwa damu baada ya kuzaa hakungoji mtu atafutwe Shela.

Uliza kliniki unayokwenda kuzaa wanataka uje na nini. Pengine wana glovu na pamba, pengine vimekwisha wiki hiyo. Siwezi kukwambia vyote vipo.

Piku, ile rangi nyeusi ya kujipambia. Jamani, piku! Mnakuja mmepambwa mpaka ncha za vidole, mmependeza, haya. Lakini kucha zikiwa nyeusi kile kidude tunachokubana kidoleni kupima hewa kwenye damu husoma vibaya, na mimi siwezi kutazama kucha nikajua kama damu imepungua. Pakeni viganja, pakeni miguu, vidole viwili vitatu niachieni vitupu.

Vya kuacha nyumbani: chupa ya maziwa na unga wa maziwa. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, ile dang'a, maziwa ya mwanzo ya manjano, msiikamue mkaimwaga, ndiyo chanjo yake ya mwanzo. Wanja wacha, mwingine una risasi ndani yake. Poda wacha. Mafuta ya kitovu, majivu, chumvi, vyote wacha. Kitovu kina jeli yake, tutakupa au tutakwandikia, na ni ya kitovu tu, isiguse macho. Beseni la kumwogeshea usihangaike nalo siku ya kwanza, mtoto tunamwacha saa 24 bila kumwogesha asipoteze joto. Ndiyo, hata Lamu na joto lake. Mtoto ametoka amelowa, na upepo wa kusi mwajua unavyoingia madirishani.

BiShee

Na tende je? Mtoto asionjeshwe tende? Hiyo ni sunna.

NesiWaZamu

Bi Shee, siwezi kukataza sunna na mimi mwenyewe wanangu walionjeshwa. Ninachoomba ni mikono ioshwe kwa sabuni, iwe ni kupakwa tu kwenye ufizi, asilishwe kipande. Asali ndiyo nasema hapana, hapana kabisa mpaka atimize mwaka 1, ina kijidudu kinachomlegeza mtoto mchanga mwili mzima. Tende nyingine azile mama, atazihitaji.

BiShee

Tumeelewana. Na mkaja?

NesiWaZamu

Mkaja fungeni nyumbani, usiwe wa kukata pumzi. Aliyepasuliwa asubiri aambiwe. Na tusigombane usiku huu.

Shela_Malindi

Mimi niko Shela, ya Malindi, si ile ya Amu ya watalii, kila nikiandika humu naulizwa nyumba ya ghorofa ngapi na wazungu wangapi.

Kwetu rahisi, tuktuk iko mlangoni, duka liko nje ya geti la hospitali. Mimi nilikwenda na mkoba wa shule wa mwanangu wa kwanza, katuni mgongoni. Nilichosahau mume alinunua kwa dakika 5. Sitawafundisha kitu hapo.

Nimeandika kwa sababu ya mwanamke niliyelala naye kitanda cha pili. Aliletwa kwa rufaa kutoka kwenu Lamu, barabara ndefu ya Garsen hiyo, zaidi ya kilomita 200. Ndoo au sanduku lake sijui lilibaki wapi. Aliyemsindikiza ni dada mtu, alipanda ambulensi na champali za msalani na buibui, akidhani anakwenda na kurudi. Simu ilizimika njiani, namba zote zimo ndani ya simu. Siku mbili hawakuweza kumwambia mtu nyumbani kwamba mtoto mzima, mama mzima. Kule watu walikuwa wanasoma dua.

Basi nyinyi wa Lamu, ongezeni hili: karatasi yenye namba tatu za simu kwa kalamu, na msindikizaji naye awe na leso yake moja, nguo ya kubadili na nauli ya kurudia. Wakikupeleka Mombasa kutoka hapa Malindi ni kilomita 120 nyingine.

BintLangoni

Hili sikuliwaza kabisa. Nimeandika namba sasa hivi, nimezitia kikoponi. Mtoto wangu ana miaka miwili, kikopo bado kipo.

Kizingitini36

Samahanini, nimesoma wote. Niko Kizingitini, kisiwa cha Pate, jina langu ndiyo wiki zangu. Mtoto wa kwanza nilipasuliwa. Kliniki wameniambia huyu nisizalie kijijini, niende Amu. Mume anasema tungoje uchungu uanze ndiyo twende, boti ya ndugu yake ipo. Mimi roho haitulii. Ndoo ninayo tayari, ya rangi nyeupe.

Nahodha_Mkanda

Dada, mimi ni mwendesha boti, hujanijua lakini mumeo labda ananijua.

Boti kuwepo si hoja. Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, ndio hoja. Maji yakikupwa, hasa ya bamvua, siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, pale kati ya Manda na bara panabaki matope na mikoko, boti yenye mashini nzito inakaa inangoja. Ukizunguka nje kwa bahari kuu, kusi ikivuma, simshauri mtu mzima asiye na mimba, sembuse wewe. Na maji husogea kila siku, kama dakika 50 hivi. Leo yanajaa saa 4 asubuhi, baada ya wiki saa hiyo hiyo yamekauka. Uchungu hautazami mwezi. Mwambie mumeo mimi nimesema: boti ya ndugu ipo, maji ya ndugu hayapo.

Na kwa wote, siku mkilazimika: mzazi alazwe kati ya boti, si omo (mbele ya chombo), omo ndiko kunakopiga mawimbi. Alale ubavu wa kushoto. Godoro chini yake, si mbao tupu. Jaketi la kuokolea avae hata kama tumbo linabana, legezeni mikanda. Petroli iwe imejazwa tangu jioni, nimeshaona watu wanagonga milango ya watu kutafuta petroli usiku wa manane na mwanamke yuko botini.

NesiWaZamu

Kizingitini36, mdogo wangu, nisikilize. Aliyepasuliwa hangoji uchungu mahali pasipo na upasuaji. Kovu likiachia ni dakika, si masaa. Wiki ya 37 uwe umeshalala Amu kwa jamaa yako yeyote, hata kama nyumba imejaa. Uwaulize kliniki siku yako hasa.

Na hili ni la kila mtu: ukiona damu, au kichwa kinauma mno na macho yanaona giza, au umevimba uso na mikono, au degedege, au mtoto ameacha kucheza, au maji yamevunjika na rangi ni ya kijani, ACHA NDOO. Panda boti. Ndoo italetwa.

Babake_Wawili

Kizingitini36, mpe mumeo simu asome alichoandika Nahodha. Mwanamume humsikia nahodha haraka kuliko nesi, sijui kwa nini, mimi mwenyewe ndivyo nilivyo.

Kizingitini36

Nimempa. Amesoma mara mbili. Amesema tutaondoka Jumatano na maji ya asubuhi, kwa shangazi yangu Gadeni, pale Amu. Ndoo anaitanguliza kesho na boti ya samaki ili safari yetu iwe nyepesi.

BintLangoni

Allah akufikishe salama. Utupe habari.

Kizingitini36 (baada ya wiki tatu)

Dada zangu, nimejifungua. Mvulana, kilo 3.2. Nilipasuliwa tena, lakini kwa mpango, mchana, nikiwa nimeshiba dua. Tulikaa wodini siku nne, sasa niko kwa shangazi namalizia arobaini, uji wa pilipili manga asubuhi na jioni mpaka jasho linatoka masikioni.

Namba za kwenye karatasi zilitumika, simu ya mume ilikufa siku ya pili. Vidole vitatu niliviacha bila piku, nesi kaniuliza nani kanifundisha. Soksi za mtoto sikuzitumia hata jozi moja. Leso nne hazikutosha, wekeni sita.

Sasa ya ndoo. Mume kaipeleka na boti ya samaki kama alivyosema, ikafika Amu, mtoto kaibeba mpaka Gadeni, kaiweka ukumbini kasema "hii yenu". Shangazi kaiona ndoo ya rangi, nyeupe, kaitia stoo. Wiki ile alikuwa na fundi anapaka ukuta wa nje. Rangi ikamwishia fundi. Akaingia stoo, akabandua kifuniko, akakuta pedi.

Mnaotumia ndoo, andikeni jina juu ya kifuniko. Fundi hajarudi kumaliza ukuta.